Swali la Kumi

Katika miaka ya 1970, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Uingereza, John Cox, alifanya kazi Uganda, ng'ambo ya Ziwa Victoria, ziwa hili hili tunaloliona tukisimama Capri Point hapa Mwanza. Kule Kasangati, nje kidogo ya Kampala, aliwafuatilia wajawazito na wanawake waliotoka kujifungua, akiwauliza habari za usingizi, za machozi na za mawazo. Akakuta kwamba huzuni nzito ya uzazi ipo vijijini Buganda kama ilivyo mijini Uingereza, na kwamba wenyeji waliijua tangu zamani hali ya mzazi kuchanganyikiwa hadi kumtishia mtoto wake. Waliiita amakiro, na walikuwa na dawa zao za kuikinga. Baadaye, akiwa Edinburgh pamoja na wenzake wawili, Cox alitunga dodoso fupi la maswali 10 ambalo lilichapishwa mwaka 1987. Sasa linatumika karibu dunia nzima, kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo.

Maswali 9 ya kwanza yanahusu furaha, hofu, kujilaumu, kulia, kukosa usingizi. La kumi linauliza kama mama, katika siku 7 zilizopita, amepata wazo la kujidhuru.

Mradi wa afya ya akili ya wajawazito na wazazi unapofika mwambao wetu, mara nyingi huwa umebeba dodoso hilo au jingine la ukoo wake. Wauguzi wanaitwa semina, wanafundishwa kuuliza, wanapewa fomu. Nimesoma maandiko ya miradi ya afya kwa miaka mingi, na ninachokiona ni kwamba mingi imepangwa vizuri sana mpaka kwenye swali. Jibu likishatolewa, kinachofuata kinaachiwa Mungu na nauli. Mama akisema ndiyo kwenye swali la kumi, saa nne asubuhi, katika zahanati yenye muuguzi mmoja, kando ya maji, ni nani anayempokea, kwa chombo gani, na kwa fedha ya nani?

Kwa upande wa Mwanza hatuhitaji kukisia kama tatizo lipo. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliofanyika kwa wajawazito 397 waliohudhuria kliniki katika vituo 3 vya afya ya msingi mkoani humu. Asilimia 33.8 yao walikuwa na dalili za sonona, yaani mmoja katika kila watatu waliokaa kwenye benchi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea matatizo ya afya ya akili, hasa sonona, huwapata asilimia 15.6 ya wajawazito na asilimia 19.8 ya waliojifungua, kwa hiyo kiwango cha Mwanza ni kikubwa hata kwa mizani hiyo. Yaliyoambatana na sonona ya wanawake hao ni mambo ambayo yeyote aliyekulia Igoma au Nansio atayatambua mara moja: hofu ya mimba na ya uchungu, uhusiano mbaya na mwenzi, na ufukara. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloondoka kwa kidonge peke yake.

Asubuhi ya kliniki katika zahanati ya kando ya ziwa ina mwendo wake. Kabla ya saa mbili mabenchi yamejaa. Muuguzi mkunga huanza na elimu ya afya kwa wote: chandarua, vidonge vya kuongeza damu, dalili za hatari. Kisha kadi zinapangwa. Mama anapimwa uzito, presha na wingi wa damu, anapimwa VVU, kaswende na malaria, anachomwa sindano ya pepopunda, anapanda kitandani kusikilizwa mapigo ya moyo wa mtoto, anameza dawa ya SP ya kukinga malaria palepale muuguzi akimwangalia. Kila kitu kinaandikwa mara mbili, kwenye kadi yake na kwenye rejesta ya MTUHA, mfumo wa taarifa za afya. Ikiwa ni siku ya chanjo, muuguzi huyo huyo anaitwa upande wa pili. Uchungu ukimshika mtu chumba cha nyuma, foleni nzima inasubiri. Mradi unaingia katikati ya hayo na ombi lake: tunaongeza maswali 10 tu, ni dakika 5.

Dakika hizo 5 zinamtosha anayejibu hapana mwanzo hadi mwisho. Anayejibu ndiyo anahitaji nusu saa, chumba chenye mlango unaofungwa, na mtu asiyeinuka kwenda kupokea mtoto wa mwingine. Muuguzi analijua hilo kuliko mtu yeyote, na kwa kuwa hana nusu saa wala chumba, sauti yake inajifunza kuuliza kwa namna inayovuta hapana. "Mama, huna mawazo mabaya, eti?" "Sina, nesi." Anaweka alama ya vema, anaita anayefuata. Simlaumu. Ameombwa afungue jeraha ambalo hana bandeji ya kulifunga, na kulifunika ni njia mojawapo ya kumhurumia mgonjwa. Ila mwisho wa robo mwaka fomu hizo zinakusanywa, na takwimu zinaonyesha kwamba wilaya nzima ina wazazi wachache sana wenye huzuni.

Kuna jambo jingine ambalo waandika miradi hawalioni mpaka wakae wao wenyewe kwenye benchi. Kwa miaka mingi kliniki zetu zimehimiza mjamzito aje na mwenzi wake, hasa katika hudhurio la kwanza, ili wapimwe VVU pamoja. Nia ni njema na faida yake imeonekana. Anayekuja na mume huhudumiwa mapema. Asiye naye, mahali pengi ametakiwa apite kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji achukue barua ya kueleza kwamba mwenzi amesafiri, au amekimbia, au hajulikani. Weka dodoso la sonona juu ya utaratibu huo uone linavyofanya kazi. Mwenye mume mgomvi anaulizwa habari za moyo wake mume akiwa ameketi naye bega kwa bega. Aliyetelekezwa na mimba, ambaye ndiye wa kuulizwa kabla ya wote, anaanza safari yake ya kliniki kwa kumweleza mwenyekiti kwamba ameachwa, na wapo wanaoona aibu hiyo ni kubwa kuliko faida ya kadi, wakachelewa mpaka mimba ya miezi 6 au 7. Utafiti wa Mwanza ulitaja uhusiano mbaya na mwenzi miongoni mwa mambo yanayoambatana na sonona. Utaratibu wetu unawanyamazisha au kuwachelewesha wale wale wenye uhusiano mbaya. Kama mradi hautatenga angalau dakika chache za mama kuwa peke yake na muuguzi, hata kwa kisingizio cha kupima mkojo, maswali mengine yote yasubiri.

Kwenye andiko la mradi rufaa ni mshale. Unatoka kwenye kisanduku cha zahanati, unapita kituo cha afya na hospitali ya wilaya, unaishia hospitali ya Sekou Toure au Bugando, jijini Mwanza. Bugando ilifunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima kinachoonekana mtu akiwa bado mbali ziwani, na ndiyo hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa nzima. Chukua mama wa kisiwa cha Kome aliyeandikiwa karatasi ya kwenda huko. Anavuka maji mpaka Nyakaliro, anatafuta gari la Sengerema, kisha anashuka Busisi. Zamani hapo ndipo siku ilipokuwa ikiishia, kwenye foleni ya kivuko cha kwenda Kigongo. Tangu Juni 2025 kuna Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya ghuba, na dakika chache zimechukua nafasi ya saa. Ni jambo kubwa, na wanawake wa Sengerema, Buchosa na Geita watakaopona kwa sababu ya daraja hilo ni wengi. Lakini daraja halifiki Kome, wala Maisome, wala Ukara. Kwa watu wa Ukara maji yenyewe yana kumbukumbu: tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa chao na kuua watu 228. Mwanamke ambaye tayari usiku halali kwa hofu, kumwambia kwamba dawa ya hofu yake iko ng'ambo ya maji hayo ni kumwongezea mzigo.

Na hata maji yakiwa shwari, kuna hesabu ya nyumbani. Nauli ya watu wawili, maana hasafiri peke yake. Mtoto anayenyonya aende au abaki, na wale wakubwa wabaki na nani. Mume yuko kambi ya uvuvi. Mama mkwe anauliza anaumwa wapi, kwa sababu mguu mzima, tumbo zima, homa hana. Halafu linakuja lile neno: Bugando, wodi ya vichaa. Mwanamke akishasikika kwamba alipelekwa huko, kesho yake kila hasira yake itaitwa ugonjwa, na mume akitaka kuoa mwingine amepata sababu. Familia nyingi zikishapiga hesabu hiyo zinaamua kusubiri, na uamuzi wenyewe una akili kwa mujibu wa kile walicho nacho mkononi.

Mkoa huu huu, hata hivyo, umelea mojawapo ya miradi michache iliyovuka kutoka majaribio hadi nchi nzima. Kabla ya kuwa mfumo wa taifa, m-mama, yaani huduma ya usafiri wa dharura za uzazi, ilijaribiwa Sengerema na Shinyanga. Mama akipata dharura ya uzazi, yeye au ndugu au muuguzi wa zahanati anapiga 115 bila malipo. Mtaalamu aliye zamu kwenye kituo cha uratibu anauliza maswali, anapima uzito wa hali na kuamua apelekwe wapi. Gari la wagonjwa likiwa mbali, anapigiwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, mwenye gari lake mwenyewe. Anamchukua mama, na akishamfikisha, malipo yanaingia kwenye simu yake. Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua mfumo huo kwa nchi nzima mjini Dodoma tarehe 6 Aprili 2022. Vifo vya uzazi nchini, kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu, vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, na 104 katika ule wa 2022. Sababu za kushuka huko ni nyingi, vikiwemo vituo vya afya vipya vyenye vyumba vya upasuaji, na usafiri ni mojawapo.

Nimeitazama m-mama mara nyingi nikijiuliza kwa nini ilishika mizizi pale ambapo miradi mingine iling'oka na mabango yake. Naona haikujengwa juu ya huruma ya mtu. Dereva analipwa, analipwa siku ile ile, na anajua kiasi. Namba ni moja, haibadiliki mfadhili akibadilika. Anayeamua ni mtu aliye kazini, si baba mkwe. Na gharama haikuachwa nyumbani kwa mgonjwa. Kwa lugha fupi, kila hatua baada ya swali ilikuwa na mwenyewe. Mtu akitaka kujua jinsi ya kupanga huduma ya afya ya akili kwa wazazi wa mwambao asianze na vitabu vya saikolojia. Aanze na dereva yule wa Sengerema.

Lipo kundi moja la wazazi ambalo mfumo huo ungelipokea kesho asubuhi. Katika kila wanawake 1,000 wanaojifungua, wachache hurukwa na akili kabisa katika siku au wiki za mwanzo. Utafiti uliofanywa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2002 ulikuta kiwango cha 3.2 kwa kila wazazi 1,000, na jambo la kuzingatiwa ni kwamba wengi wao walikuwa pia na ugonjwa wa mwili, hasa upungufu wa damu na maambukizi. Nyumbani hali hiyo huonekana hivi: siku ya nne au ya kumi mzazi hafumbi jicho, anaongea na asiyeonekana, anamkataa mtoto au anasema amebadilishiwa, anatoka nje usiku. Ndugu wanasema amerogwa, au kuna mahari haijamalizwa, au ni pepo, na wanaanza kumzungusha, kwa mganga leo, kwenye maombi kesho. Wakati huo huo joto lake linapanda kwa sababu kizazi kimeingia usaha, au ana malaria kali, au damu imeisha. Mzazi huyu ni wa dharura sawasawa na anayetokwa damu. Anaweza kufa, mtoto anaweza kufa, na akipata matibabu mapema nafasi ya kupona ni kubwa. Wahudumu wa vijijini wakifundishwa sentensi moja tu ya afya ya akili, iwe hii: mzazi aliyechanganyikiwa ghafla apigiwe 115, na apimwe mwili kabla ya kitu kingine chochote.

Na asipopona ahesabiwe. Tangu mwaka 2012 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mjamzito au mzazi aliyejiua awekwe katika hesabu ya vifo vya uzazi vya moja kwa moja, pamoja na kutoka damu na kifafa cha mimba. Kifo cha uzazi kinaitiwa kikao, wanakaa daktari, mkunga na viongozi, wanauliza ni wapi tulichelewa. Mwanamke aliyeingia ziwani mwenyewe huitiwa polisi na mazishi ya haraka. Hakuna anayeuliza alihudhuria kliniki mara ngapi na kama kuna aliyemuuliza usingizi wake.

Walio wengi lakini hawajafika huko. Wana sonona ya kila siku: wanaamka, wanapika, wanauza, wananyonyesha, na ndani yao hakuna kitu. Tiba yao haiko kilimani Bugando, wala haikupaswa kuwa huko. Ushahidi tena uko ng'ambo ya ziwa. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, wilaya ambazo UKIMWI uliziumiza mapema na vibaya, Paul Bolton na wenzake walijaribu tiba ya vikundi. Wanawake walikaa na wanawake, wanaume na wanaume, mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16. Viongozi hawakuwa madaktari wala wauguzi. Walikuwa wenyeji waliopewa mafunzo ya wiki 2. Mazungumzo yalihusu kufiwa, ugomvi wa nyumbani, na maisha yaliyobadilika ghafla. Kabla ya kuanza, asilimia 86 ya waliokuwa vikundini walikuwa na sonona kali. Mwishoni walibaki asilimia 6.5, ilhali katika vijiji visivyopata tiba hiyo walibaki asilimia 54.7. Miezi 6 baadaye nafuu ilikuwepo bado. Vijijini Rawalpindi, Pakistan, wahudumu wa afya wa kike waliwatembelea wajawazito wenye sonona majumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: mtoto akiwa na miezi 6, waliotembelewa walikuwa na sonona kwa asilimia 23, wasiofikiwa na tiba hiyo asilimia 53. Shirika la Afya Duniani liliufanya utaratibu huo kuwa mwongozo mwaka 2015. Hakuna sababu ya mhudumu wa Magu au Misungwi kushindwa lililofanywa na mwenzake wa Rawalpindi.

Kikundi nacho kina kalenda yake, na hapa ndipo mwambao unapomfundisha mpangaji. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika. Siku za giza wanawake wa mialoni wako kazini tangu alfajiri: wanapokea mzigo, wanabeba mabeseni, wanaanika kwenye chanja au mchangani, wanageuza, wanafukuza ndege, na wingu likitanda wanakimbia, kwa sababu dagaa wakinyeshewa mtaji wote umeoza. Mradi uliopanga kikao kila Jumatano saa tatu asubuhi utapata mkeka uliojaa wiki moja na mkeka mtupu wiki mbili baadaye, kisha ripoti itaandika kwamba mwitikio wa jamii ni hafifu. Mwitikio ni mzuri, ratiba ndiyo haikutazama mwezi. Vikao vingesogezwa siku za mbalamwezi, alasiri, wangekuja, hata na vichanga mgongoni. Ingefaa pia vifanyike mahali ambapo wanawake tayari wana sababu ya kukutana. Mjini Mwanza, utafiti wa MAISHA, uliochapishwa mwaka 2019, uliwachukua wanawake wa vikundi vya mikopo vya shirika la BRAC ukawapa vikao 10 kuhusu uhusiano na ukatili. Ukatili wa kimwili kutoka kwa wenzi wao ulipungua. Kikundi kilikuwepo kwa ajili ya fedha, mazungumzo yakapandikizwa humo. Mwanamke anayekwenda kwenye VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, haulizwi na mtu kwa nini anakwenda. Anayekwenda kwenye kikundi cha wenye sonona ataulizwa na mtaa mzima.

Mbona basi haya hayajatapakaa? Yapo mambo ya fedha, lakini naamini kikubwa ni rejesta. Mwaka 2000 Bugando ilikuwa miongoni mwa hospitali 5 zilizoanza majaribio ya kuzuia maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Wakati ule kumuuliza mjamzito habari za VVU kwenye benchi la kliniki kulionekana jambo la kutisha: ataachwa, atapigwa, atakimbia. Hofu hizo zilikuwa na msingi, na baadhi ya wanawake yaliwakuta. Leo kipimo kile ni sehemu ya asubuhi ya kawaida hata zahanati ya kisiwani, kwa sababu kilipata safu yake kwenye kitabu, kitendanishi chake bohari, dawa yake kabatini, na mganga mkuu wa wilaya anayeulizwa vikipungua. Fomu ya sonona kwa kawaida huja ndani ya boksi la mradi, kitabu chake pembeni, rangi tofauti. Mradi ukiisha, boksi linahamia stoo, muuguzi aliyefundishwa anahamishiwa Kwimba, na anayeletwa badala yake hajawahi kulisikia swali la kumi.

Nafasi ipo sasa hivi. Januari 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ikilenga kuwafundisha zaidi ya 137,000 katika miaka 5, mwanamke na mwanaume kwa kila mtaa na kitongoji. Watu hawa wanajua nyumba. Wanajua binti gani alirudishwa kwao na mimba, na mzazi yupi hajaonekana kisimani wiki nzima. Mhudumu anaingia uani, wanasalimiana kwa Kisukuma, mwangaluka, mhola, na mhola hiyo hutoka hata kwa aliyekesha akilia, ila mhudumu anaona jiko halijawashwa na mtoto hajaogeshwa, na anakaa chini. Nusu saa ambayo muuguzi hana, yeye anayo, mradi tu alipwe kwa ajili yake. Wahudumu wa namna hii wamefanya kazi kwa kujitolea kwa miongo, wakipewa fulana na posho ya semina, na mwishowe waliacha wakaenda kutafuta riziki kama mtu mwingine yeyote.

Hofu ya mwisho ni ya sheria. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Wazo si kosa, lakini mama asiye mwanasheria hatofautishi, na hata baadhi ya wahudumu wanasita kuandika. Jirani zetu Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Nasi tungekiondoa kifungu chetu, swali la kumi lingejibiwa kwa uhuru zaidi.

Sheria hiyo hiyo ina kifungu kingine, cha 199, ambacho wapangaji wa huduma wangekisoma kwa makini. Kinasema mwanamke aliyemuua mtoto wake wa chini ya miezi 12, ilhali akili yake ilikuwa imevurugika kwa kuwa hajapona athari za kuzaa au za kunyonyesha, hashtakiwi kama muuaji wa kukusudia. Dola yetu, basi, inakiri kwa maandishi kwamba uzazi unaweza kuivuruga akili, na kwamba hatari hiyo ina urefu wa mwaka mzima. Inakiri mahakamani, mtoto akiwa amekwisha kufa. Kliniki ya mzazi baada ya kujifungua huhesabu siku 42, kisha humwachia.

Mama mwenyewe haondoki. Kadi ya mtoto inamrudisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha mwezi wa 9 kwa chanjo ya surua na rubela. Mara nne katika mwaka ule ambao sheria inauita wa hatari, anafika zahanati kwa miguu yake mwenyewe, mtoto anawekwa kwenye mzani, mtoto anachomwa sindano, mtoto anaandikwa. Kama ningepewa kuandika mradi mmoja kwa ajili ya mwambao huu ningeanzia hapo: siku za chanjo mhudumu wa kitongoji awepo na kiti pembeni ya foleni, amuulize mzazi habari zake yeye, safu ya jibu iwe ndani ya rejesta ya MTUHA, aliye na huzuni aunganishwe na kikundi kinachokutana siku za mbalamwezi, aliye hatarini apigiwe 115. Na malipo ya mhudumu huyo yaingie kwenye bajeti ya halmashauri katika mwaka wa kwanza wa mradi, mfadhili akiwa bado yupo, ili madiwani wayazoee.